Kabla hujampeleka Giannis kwa Warriors, piga hesabu ya mishahara

Februari ikikaribia, mashabiki wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wa Dar, Nairobi na Goma wote hugeuka wakurugenzi wa usajili. Mmoja keshampeleka Giannis Antetokounmpo kwa Golden State Warriors, mwingine kila asubuhi anawaletea Lakers senta mpya, wa tatu anafoka kwamba mmiliki wa timu yake ni bahili, bilionea mzima anashindwa kumnunua mtu. Ni mazoea ya soka hayo. Kwenye dirisha la usajili la Simba na Yanga mwenye fedha anaziweka mezani, klabu inayouza inakubali au inakataa, mambo yamekwisha. NBA haina ada ya uhamisho. Mchezaji hutoka kwa mchezaji mwenzake au kwa chaguo la drafti (zamu ya timu ya kuchagua kijana anayeingia ligi), na mishahara ya wanaotoka na wanaoingia lazima ioane kwa kanuni zinazotegemea timu imeshatumia kiasi gani. Fedha taslimu zinaruhusiwa kuambatana na biashara, yaani kubadilishana huko, lakini kiwango cha msimu mzima ni kidogo mno, hakifikii mshahara wa mchezaji wa kati.

Kwa hiyo tetesi nyingi hufa hata kabla timu hazijaulizana kama zinataka, kwa sababu haziwezi kuandikwa kwenye karatasi zikapita. Shabiki anayejua timu yake iko juu ya mstari gani, ina mikataba ya ukubwa gani na imebakiwa na machaguo gani ya drafti, anaweza kuzitupa nyingi kati ya hizo akiwa amekaa kwake.

Mwaka 2026 mwisho wa biashara ulikuwa Alhamisi, tarehe 5 Februari, saa 9 alasiri kwa saa za New York. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa 5 usiku. Goma na Bujumbura ni saa 4. Muda huo ni wa kuifikisha biashara ofisi ya ligi. Habari ikitoka dakika kadhaa baada ya hapo, usianze kulalamika kwamba sheria imevunjwa. Ilikuwa kwenye foleni.

Mistari ya fedha ni minne. Msimu wa 2025/26 kikomo cha mishahara kilikuwa dola milioni 154.6, kodi ya anasa ilianzia milioni 187.9, aproni ya kwanza ilikuwa kwenye milioni 195.9 na aproni ya pili kwenye milioni 207.8. Kikomo chenyewe ni laini. Timu nyingi zinazowania ubingwa zimekivuka kihalali, hasa kwa kuwabakiza wachezaji wao, hivyo kukitaja kwenye mjadala wa Februari hakusaidii kitu. Kodi ya anasa ni maumivu ya mfuko wa mmiliki, na ndiyo inayozaa zile biashara ndogondogo za kuchosha ambapo mchezaji wa benchi anapelekwa kwingine pamoja na chaguo la raundi ya pili: hesabu ya kodi hufungwa mwisho wa msimu, kwa hiyo timu iliyozidi kidogo Februari bado ina nafasi ya kushuka. Aproni ni jambo jingine. Hizo humfunga mikono meneja mkuu, na zilipata meno kwenye mkataba wa pamoja wa ligi na chama cha wachezaji wa mwaka 2023.

Timu iliyo chini ya aproni ya kwanza ina uhuru wa kupokea mshahara mkubwa kuliko inaotoa. Kwa mishahara midogo inaweza kupokea mara mbili ya inachotoa na nyongeza ya dola 250,000. Kwa ya kati inaongeza kiasi maalumu juu ya inachotoa, kiasi kilichoanzia dola milioni 7.5 mwaka 2023 na kinachopanda pamoja na kikomo. Kwa mikubwa ni asilimia 125 na zile 250,000. Ukitoa wa milioni 6 unaweza kumpokea wa milioni 12.25; ukitoa wa milioni 40 unaweza kumpokea wa milioni 50.25. Lakini uhuru huo una bei: timu ikipokea zaidi ya ilichotoa, inafungiwa chini ya aproni ya kwanza kwa msimu wote uliobaki. Haiwezi kuivuka hata kwa dola moja, hata ikipata majeruhi watatu.

Iliyo juu ya aproni ya kwanza haipokei zaidi ya inachotoa, basi. Ikiunganisha mishahara ya wachezaji wawili au zaidi ili kumpata mmoja mkubwa, inafungiwa chini ya aproni ya pili. Na iliyo juu ya aproni ya pili haiunganishi kabisa, haitoi fedha taslimu, na chaguo lake la raundi ya kwanza la miaka saba mbele linagandishwa, halifanyiwi biashara. Ikiendelea kukaa juu ya mstari huo misimu miwili kati ya minne inayofuata, chaguo hilo husukumwa mwisho kabisa wa raundi, hata kama timu itakuwa imeshika mkia.

Msimu wa 2024/25 Phoenix Suns walituonyesha kanuni hizi zikifanya kazi. Kevin Durant alikuwa analipwa milioni 51.2, Bradley Beal milioni 50.2, Devin Booker milioni 49.2. Hao watatu peke yao ni milioni 150.6, wakati kikomo cha timu nzima kilikuwa milioni 140.6. Jimmy Butler alikuwa ameshagombana na Miami Heat, alitaka kuondoka, na Phoenix walimtaka. Mshahara wake ulikuwa milioni 48.8. Mashabiki wakaanza kupanga mafurushi: Jusuf Nurkic na fulani na fulani kwa Butler. Hakuna hata moja lililowezekana, kwa sababu Suns walikuwa juu ya aproni ya pili na hawakuruhusiwa kuwajumlisha watu. Butler angepatikana kwa mtu mmoja tu mwenye mshahara usiopungua wake, na watu wa namna hiyo Phoenix walikuwa watatu. Booker haguswi. Durant ni Durant. Kikabaki jina la Beal, naye alikuwa na kipengele kinachompa haki ya kukataa kuuzwa popote asipopataka. Miami nao hawakumhitaji, kwa hiyo ilibidi ipatikane timu ya tatu ya kubeba mkataba wa milioni 50 na kutoa mishahara ya kuziba pengo. Wiki nzima za tetesi zikakwama kwenye kifungu kimoja cha mkataba wa mtu mmoja. Butler akaenda Golden State kwenye biashara iliyohusisha timu tano, Heat wakampata Andrew Wiggins. Kiangazi kilichofuata Durant alikwenda Houston, na Beal mkataba wake ukavunjwa kwa makubaliano akahamia Clippers.

Kwenye kisa hicho kuna jambo dogo ambalo wengi hawalishiki. Februari ileile Suns walimtoa Nurkic kwenda Charlotte pamoja na chaguo la raundi ya kwanza la 2026, wakapokea Cody Martin na Vasilije Micic na chaguo la raundi ya pili. Mbona wawili waliingia? Kwa sababu kinachokatazwa juu ya aproni ya pili ni kujumlisha wanaotoka. Nurkic alikuwa na milioni 18.1, Martin na Micic kwa pamoja hawakufika milioni 16. Mmoja kutoka na wawili kuingia ni halali, wawili kutoka na mmoja kuingia ni haramu. Ukiona mtu amepanga biashara ya timu ya aproni ya pili na upande wake kuna majina mawili yaliyojumlishwa, usipoteze muda wa kumjibu.

Sasa tuje kwa Giannis na Warriors, maana hilo limeimbwa miaka. Mshahara wa Giannis msimu wa 2025/26 ulikuwa milioni 54.1. Upande wa Warriors, Stephen Curry alikuwa analipwa milioni 59.6, Butler milioni 54.1, Draymond Green milioni 25.9. Baada ya hao alifuata Jonathan Kuminga, milioni 22.5, kisha Moses Moody milioni 11.6 na Buddy Hield milioni 9.2. Shabiki anataka kuwabakiza Curry, Butler na Draymond, atoe vijana na machaguo. Haya, jumlisha: Kuminga, Moody na Hield ni milioni 43.3. Timu iliyo juu ya aproni ya kwanza, kama hii, haipokei zaidi ya inachotoa, kwa hiyo pengo ni karibu milioni 11. Brandin Podziemski unayemwona kama kito alikuwa analipwa milioni 3.7 tu, kwa sababu bado alikuwa kwenye mkataba wake wa drafti. Hapo ndipo vijana wazuri wanapowaponza mashabiki: thamani yao uwanjani ni kubwa, uzito wao kwenye mizani ya mishahara ni mdogo. Ili ufike milioni 54.1 bila Draymond wala Butler inabidi urundike wachezaji sita hivi kwa mmoja, na Milwaukee, timu ya Giannis msimu huo, nao wana viti 15 tu vya mikataba ya kawaida. Kila anayezidi lazima waachane na mtu wa kwao na kuendelea kumlipa. Ukimweka Draymond pamoja na Kuminga na Moody unapata karibu milioni 60 na hesabu inapita. Lakini sasa umeondoa beki wako mkuu, umebakiwa na nafasi mbili tupu za kujaza kwa wachezaji wa kima cha chini cha mshahara, na umejifungia chini ya aproni ya pili. Hiyo bado inaweza kuwa biashara nzuri. Ila ndiyo biashara yenyewe, si ile ya vijana na machaguo.

Kinachokosekana sokoni Februari, kwa maoni yangu, ni mikataba ya kati, ya milioni 10 hadi 25. Nyota wapo, na wachezaji wa kima cha chini wapo tele. Timu iliyojaa nyota watatu na wachezaji wa kima cha chini haina cha kubadilisha hata ikiwa na ofisi yenye akili kuliko zote. Ndiyo maana timu makini humpa mchezaji wa kawaida milioni 14 kwa mwaka, mashabiki wanalalamika kwamba amelipwa kupita kiasi, kumbe mkataba ule umeandikwa ili siku moja utolewe.

Mkataba wa Kuminga ulikuwa na sura hiyo. Huyu ni kijana wa Goma, alichaguliwa wa saba kwenye drafti ya 2021, na majira ya joto ya 2025 mazungumzo yake na Warriors yalivutana hadi mwisho wa Septemba. Kilichosainiwa ni miaka miwili, milioni 22.5 mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili ni uamuzi wa timu. Tazama ukubwa wake: unatosha kubadilishwa na mchezaji wa maana moja kwa moja, na timu inayompokea haijifungi kwa muda mrefu. Waliosoma namba hizo siku ile hawakuhitaji mtu wa kuwanong'oneza kwamba jina lake litazunguka msimu mzima.

Kalenda nayo ina kazi yake. Wengi waliosaini kiangazi hawawezi kubadilishwa kabla ya tarehe 15 Desemba. Waliobakizwa na timu zao zilizo juu ya kikomo kwa nyongeza ya zaidi ya asilimia 20, kama Kuminga, wanasubiri hadi 15 Januari. Tetesi ya Novemba inayomhusu mtu wa kundi hilo ni mazungumzo ya maandalizi, hata ikiwa ya kweli. Pia mchezaji aliyeingia kwa biashara, kwa timu iliyo juu ya kikomo, anaweza kutolewa tena peke yake, lakini mshahara wake haujumlishwi na wa mwingine kwa miezi miwili. Wapanga-biashara wengi husahau hili: wanamchukua mtu leo, kesho wanamuunganisha na mwingine kumfuata nyota wa tatu.

Ukitaka kuona namna watu wa ndani wanavyofanya kazi kwa kipimo cha sonara, irudie biashara ya Luka Doncic. Habari ilitoka usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, kwetu ikiwa kama saa 2 asubuhi, na watu wakadhani akaunti ya mwandishi imedukuliwa. Dallas Mavericks waliwapa Lakers Doncic, Maxi Kleber na Markieff Morris. Wakapokea Anthony Davis, Max Christie na chaguo la Lakers la raundi ya kwanza la 2029. Utah Jazz wakamchukua Jalen Hood-Schifino na machaguo mawili ya raundi ya pili.

Utah walitafuta nini pale? Lakers walikuwa juu ya aproni ya kwanza, kwa hiyo hawakuruhusiwa kupokea hata kidogo zaidi. Doncic alikuwa na milioni 43.0 na Kleber milioni 11.0, jumla 54.0. Davis alikuwa na milioni 43.2 na Christie 7.1, jumla 50.3. Pengo la milioni 3.7. Hood-Schifino, ambaye mashabiki wengi walikuwa wameshamsahau, alikuwa analipwa milioni 3.9. Ukimuongeza unafika 54.2 na mlango unafunguka kwa tofauti ya kama dola 200,000. Morris hahesabiwi humo kwa sababu mchezaji wa kima cha chini huingia kwa ruhusa yake ya pekee. Dallas nao walikuwa wamefungiwa chini ya aproni ya kwanza tangu walipompata Klay Thompson kwa kusainiwa na timu yake ya zamani kisha kukabidhiwa kwao, kwa hiyo hawakuwa na nafasi ya kubeba mshahara wa ziada. Ikabidi itafutwe nyumba ya kumhifadhi kijana huyo, na Utah wakalipwa machaguo mawili kwa kazi ya kufungua mlango. Hata Davis mwenyewe ilibidi aachilie bonasi ya kuuzwa ya karibu milioni 5.9 iliyokuwa kwenye mkataba wake, kwa maana ingeingia kwenye hesabu za Dallas na kuharibu kila kitu. Mikataba mingi ya nyota ina bonasi hiyo, mwisho wake asilimia 15, na hesabu nyingi za mashabiki hazikumbuki kuiweka.

Kama biashara ilikuwa ya busara kwa Dallas ni hadithi nyingine. Nico Harrison aliyeifanya alifukuzwa Novemba 2025, na mimi sina machozi ya kumlilia. Ninachotaka uone ni kwamba biashara kubwa kuliko zote za kizazi hiki ilisimama juu ya mkataba wa milioni 3.9.

Machaguo ya drafti yana kanuni zake mbili. Huwezi kuuza chaguo la zaidi ya miaka saba mbele. Na huwezi kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili mfululizo ijayo. Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland Cavaliers wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyeyagawa machaguo ya timu yake mpaka ligi ikaingilia. Ndiyo maana "toa machaguo matano" haimaanishi kitu mpaka useme ya miaka ipi. Timu zinazunguka kanuni hii kwa kutoa haki ya kubadilishana nafasi katika mwaka wa katikati: mwaka huu natoa langu, mwaka ujao nakuruhusu uchukue langu likiwa bora kuliko lako, mwaka wa tatu natoa tena. Suns Januari 2025 walifanya jambo lililowashangaza wengi, walitoa kwa Utah chaguo lao la 2031 lisilo na kinga, yaani lisilo na sharti la kubaki kwao, wakapokea matatu hafifu. Lengo lilikuwa kuwa na chenji: noti moja kubwa hailipi madeni matatu.

Na kinga zenyewe zisomwe kwa makini kuliko majina ya wachezaji. Tarehe 15 Machi 2012, siku ya mwisho ya biashara msimu ule uliochelewa kwa sababu ya mgomo wa wamiliki, Nets walimtaka Gerald Wallace kutoka Portland Trail Blazers. Walitoa chaguo lao la raundi ya kwanza likiwa na kinga ya nafasi tatu za mwanzo tu: likiangukia ya kwanza hadi ya tatu linabaki kwao, likishuka hapo linakwenda. Likaangukia la sita. Portland wakamchukua Damian Lillard. Kama Nets wangekaza kinga hadi nafasi ya sita, Wallace huenda angekuja vilevile, na historia ya Portland ingekuwa nyingine.

Siku hiyohiyo Portland walifanya biashara nyingine ambayo Tanzania ilikuwa na kila sababu ya kuifuatilia. Hasheem Thabeet alitoka Houston Rockets kwenda Portland pamoja na Jonny Flynn na chaguo la raundi ya pili, na Marcus Camby akaenda Houston. Ilikuwa mara ya pili kwa Thabeet kuhamishwa siku ya mwisho. Mwaka mmoja kabla, tarehe 24 Februari 2011, Memphis Grizzlies walikuwa wamempeleka Houston pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza, wakamchukua Shane Battier na Ish Smith. Kumbuka huyu alikuwa chaguo la pili la drafti ya 2009, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, mtu aliyetajwa kabla ya James Harden na Stephen Curry.

Huku nyumbani hamahama hizo zilisomwa kama matusi au kama bahati mbaya. Ukizisoma kwa macho ya mameneja zinaeleweka vizuri zaidi, hata kama haziliwazi. Mchezaji aliyechaguliwa wa pili huja na mshahara wa ukubwa wa wastani uliopangwa na kiwango cha drafti, naye akiwa hajapata namba, mshahara ule unakuwa ndicho kipande cha kuzibia. Memphis 2011 walikuwa na timu ya kwenda hatua ya mtoano na walikosa mlinzi mzoefu wa pembeni. Battier akaja, miezi miwili baadaye alifunga pointi tatu za dakika ya mwisho zilizowapa Grizzlies ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia yao, dhidi ya San Antonio Spurs, na wakawatoa vinara hao kwa 4 kwa 2 wakiwa timu ya nane. Mwaka uliofuata Portland walikuwa wanabomoa: siku ileile walimfukuza kocha Nate McMillan na kumwacha Greg Oden. Mikataba ya Thabeet na Flynn ilikuwa inaisha kiangazi. Kwa timu inayobomoa, mkataba unaoisha ni mali kwa sababu unaisha. Kocha hakumhitaji mara zote mbili; mhasibu alimhitaji.

Upande wa pili wa siku kama hizo yupo Dikembe Mutombo wa Congo. Februari 2001 Philadelphia 76ers, wakiwa na Allen Iverson na senta wao Theo Ratliff ameumia mkono, walitoa Ratliff, Toni Kukoc, Nazr Mohammed na Pepe Sanchez kwa Atlanta Hawks ili kumpata Mutombo, mtu wa miaka 34, pamoja na Roshown McLeod. Wakafika fainali. Wanne kwa wawili, hesabu ikapita. Biashara hiyo ndiyo ambayo shabiki wa leo anaiota, ila kwa timu iliyo juu ya aproni ya pili leo isingewezekana hata kidogo, kwa kuwa Mutombo angelipiwa kwa mishahara iliyojumlishwa.

Kuhusu tetesi zenyewe: kabla hujaamini, jiulize habari hii inamfaa nani ikisikika. Wakala anayetaka mteja wake ahame huvujisha kwamba timu nyingi zinamtaka. Timu inayouza huvujisha kwamba imeshapewa ofa ya machaguo mawili. Timu inayonunua huvujisha kwamba haina haraka. "Wameulizia" ni simu moja ya dakika mbili, na mameneja wote hupiga simu hizo kwa kila mtu. Habari zenye uzito hutaja kizuizi: kinga ya chaguo, timu ya tatu inayotafutwa, mchezaji fulani ambaye upande mmoja umekataa kumtoa. Na zile kubwa zaidi huenda zisivuje kabisa, maana Harrison na Rob Pelinka wa Lakers walizungumza kuhusu Doncic bila soko kujua. Wakati mwingine hata wenyewe hawaelewani: Desemba 2018 biashara ya timu tatu ya Phoenix, Washington na Memphis ilivunjika kwa sababu hawakukubaliana ni Brooks yupi anayetoka Memphis, MarShon au Dillon.

Saa 5 usiku ikipita bado usifunge hesabu. Vipimo vya afya hufuata, na biashara inaweza kubatilishwa. Lakers 2025 walikubaliana na Charlotte Hornets kumchukua senta Mark Williams kwa Dalton Knecht, Cam Reddish, chaguo la 2031 na haki ya kubadilishana nafasi 2030. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Februari. Tarehe 8 biashara ikafutwa kwa sababu ya vipimo, Knecht akarudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo alichokuwa ameshakiaga, na Lakers wakabaki bila senta waliyemtafuta, soko likiwa limefungwa. Ndiyo hatari ya kuacha jambo la afya hadi siku mbili za mwisho: hakuna muda wa mpango wa pili.

Kinachobaki ni wachezaji wanaoachwa. Aliyeachwa baada ya tarehe 1 Machi hawezi kuichezea timu nyingine kwenye mtoano, kwa hiyo wiki tatu za baada ya biashara ndizo za kutazama. Aliyeuzwa kisha akaachwa na timu iliyompokea hawezi kurudi msimu huohuo kwa timu iliyomuuza. Ule ujanja wa zamani wa kumtoa na kumrudisha ulishazibwa. Na timu zilizo juu ya aproni ya kwanza haziruhusiwi kumsaini mchezaji aliyeachwa katikati ya msimu ambaye mshahara wake ulizidi kiwango cha kati cha ligi, ambacho msimu wa 2025/26 kilikuwa karibu milioni 14.1. Kwa hiyo ukisikia nyota wa milioni 30 anavunja mkataba na timu yako iko juu ya mstari huo, mwondoe kwenye orodha yako usiku huohuo, utafute mwenye milioni 10.